Jembe la Jukwaani na Jembe la Shambani

Neno utamaduni limezoea kuvaa njuga katika nchi yetu. Likitajwa tu, fikira za wengi hukimbilia ngoma, manyanga, ngozi na vinyago. Akija mgeni wa heshima, wakulima huitwa kutoka vijijini, huvikwa sare za rangi moja, hupewa majembe mepesi yaliyochongwa kwa mti, nao huyarusha hewani na kuyadaka kwa ustadi mpaka mgeni akasimama na kupiga makofi. Ngoma ikiisha, wachezaji wale wale huketishwa juani wahutubiwe juu ya kilimo bora, kana kwamba jembe hawalijui ila kwa kulichezea. Sisi tuketio katika ofisi za umma, ambao pia tumejaliwa kutunga beti mbili tatu, tumeliona jambo hili kwa miaka mingi, na tunasema wazi kwamba hapo mambo yamepinduliwa miguu juu.

Yamepinduliwa kwa sababu ngoma hiyo ni mtoto wa kazi. Bugobogobo ya Wasukuma, na ngoma za jembe za ndugu zao Wanyamwezi, zilizaliwa shambani. Mdundo ulipangwa ili majembe mengi yashuke pamoja. Mwimbaji alimsifu hodari na kumchoma mvivu kwa mafumbo. Na jua lilikuchwa kabla watu hawajakumbuka kuchoka. Anayeichukua ngoma hiyo na kuyaacha maarifa na ushirikiano ulioizaa, amefanya kama mtu aliyechuma ua akalitia chupani, kisha akaukata mti. Ua litapendeza siku mbili.

Hoja yetu basi ni hii: maarifa ya wakulima wadogo wadogo, pamoja na desturi zao za kusaidiana, ndiyo utamaduni wa taifa kwa maana yake kamili, na kila mpango wa kilimo unaotungwa bila kuyashauri maarifa hayo huanza kufa siku ile ile unapozinduliwa. Hatusemi haya kwa kuwahurumia wakulima. Twayasema kwa kuwa historia ya magharibi ya nchi yetu inayathibitisha, na kwa kuwa yapo mambo ambayo yakipotea katika kizazi hiki hayatarudi.

Tuitazame Bukene. Ni mji mdogo wa Wilaya ya Nzega, Mkoa wa Tabora, juu ya reli iendayo Mwanza, ambayo ilifika ziwani mwaka 1928. Mgeni apitaye kwa gari moshi huiona nchi hiyo kuwa tambarare tupu, miti na mchanga, mchanga na miti. Mkulima wa hapo haoni tambarare. Yeye huona ngazi. Juu kabisa, karibu na mawe, ni nchi ya mchanga mwepesi, ambayo Wasukuma huiita luseni. Hapo hukaa karanga, viazi vitamu na mihogo. Chini yake ni itogolo, udongo wenye tabaka gumu lisilopitisha maji upesi. Hapo huchimbwa majaruba ya mpunga, maana ugumu ule ule unaomchukiza mlima mahindi ndio unaomhifadhia maji mlima mpunga. Chini kabisa ni mbuga, udongo mweusi unaonata wakati wa masika na kupasuka nyufa wakati wa kiangazi. Kila ngazi ina jina lake, zao lake, majira yake na majani yanayoitambulisha. Mtoto aliyelelewa shambani hujifunza ngazi hizo kwa miguu yake kabla hajajua kuandika jina lake.

Katikati ya miaka ya 1930, Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo wa kituo cha utafiti cha Amani, kule Usambara, alieleza kwamba udongo wa Afrika Mashariki hufuatana kwa utaratibu kutoka kilimani hadi bondeni, akauita utaratibu huo kwa neno la Kilatini lenye maana ya mnyororo. Jina lake limekaa katika vitabu vya elimu ya udongo duniani kote, na alistahili sifa hiyo, kwa kuwa alipima na kuandika. Lakini mnyororo wenyewe ulikuwa umekwisha kupewa majina, pete kwa pete, na watu waliokuwa wakila kutokana nao. Ni vitabu vingapi vya shule zetu vinavyomwambia mtoto wa Nzega kwamba babu yake alikuwa na elimu ya udongo? Tunaogopa kwamba mtoto huyo hufundishwa mnyororo kwa neno la kigeni, na luseni akaachiwa alizungumze nyumbani kwa sauti ya chini.

Wapo watakaosema kwamba maarifa ya jadi ni maarifa yaliyosimama, nasi tunaishi katika dunia inayokwenda. Hao hawaijui historia ya nchi hii. Unyamwezi ulikuwa njia panda ya misafara ya karne ya 19. Misafara ilipanda kutoka Bagamoyo, ikafika Tabora, kisha mingine ikashika njia ya Ujiji na mingine ikaelekea kaskazini kwenye Ziwa Victoria. Wapagazi wa Kinyamwezi walisifika pwani na bara. Wengi wao walikuwa wakulima: walisafiri wakati wa kiangazi, na masika yakikaribia walitamani kurudi kwenye mashamba yao. Msafara wenyewe ulikuwa shule ya ushirikiano. Kiongozi wake, kirangozi, alitangulia mbele. Watu walipanga kambi kwa makundi, wakapika kwa makundi, wakauguzana na kuzikana. Hata utani wa Wanyamwezi na Wazaramo, ambao mpaka leo huchangamsha misiba na harusi, ulipata nguvu katika safari hizo.

Njia hiyo haikuleta nguo na shanga tu. Mpunga ulistawi karibu na Tabora kwa wageni wa pwani na Waarabu waliofanya makao huko, na wakulima wenyeji wakauchukua. Mahindi, mihogo, viazi vitamu na karanga, ambavyo asili yake ni bara la Amerika, navyo viliingia bila bwana shamba wala kipeperushi. Mkulima alipanda kidogo kando ya nyumba, akatazama misimu miwili mitatu, akamwuliza jirani, akaacha kilichomkataa na kukuza kilichomkubali. Kisha akabuni njia ya kukihifadhi: viazi vitamu vikakatwa vipande na kuanikwa vikawa michembe, au vikachemshwa kwanza ndipo vikaanikwa vikawa matobolwa, akiba ya miezi ambayo ghala linalia. Baadaye, katika nchi ya pamba, wakulima walinunua majembe ya kukokotwa na ng'ombe kwa fedha zao wenyewe walipoona yanawafaa. Je, hao ndio watu waliosimama? Jadi ya mkulima ni kujaribu kwa tahadhari, na tahadhari yake ina sababu: mtaalamu akikosea, huandika ripoti nyingine; mkulima akikosea, watoto wake hulala njaa.

Tuone sasa jinsi wanavyojaribu wale wasiouliza. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mradi mkubwa wa karanga katika Tanganyika, ukiwa na vituo Kongwa, Nachingwea, na katika Mkoa huu huu wa Tabora, kule Urambo. Zilikusudiwa ekari zaidi ya milioni 3. Zililetwa matrekta, na vifaru vya vita vilivyogeuzwa kuwa mashine za kung'olea visiki. Mashine ziliharibika, mvua hazikuja kama zilivyoandikiwa, na udongo wa Kongwa uliokauka ukawa mgumu kama saruji, karanga zikang'ang'ania ardhini. Mwanzoni mwa mwaka 1951 mradi uliachwa, ukiwa umemeza takriban pauni milioni 36. Wagogo walijua jua la Kongwa hufanya nini kwa udongo wake. Wanyamwezi walikuwa wakilima karanga miaka mingi kabla ya trekta la kwanza kushushwa. Ujuzi ulikuwapo, hatua chache kutoka hemani kwa wataalamu. Haukuulizwa, kwa kuwa haukuvaa suruali.

Msomaji asidhani kwamba ugonjwa huo uliondoka na bendera ya Mwingereza. Baada ya Uhuru tumekuwa na Siasa ni Kilimo mwaka 1972, tukawa na Kilimo cha Kufa na Kupona katikati ya miaka hiyo ya 1970, tukawa na Kilimo Kwanza mwaka 2009. Katika kila wito kulikuwa na nia njema, nasi watumishi tuliutangaza kwa moyo. Lakini mvua haisomi mabango. Wito unaoteremka kutoka juu bila kukutana na maarifa yanayopanda kutoka chini huishia kwenye kitambaa kilichofungwa kati ya miti miwili, mpaka upepo ukakichana.

Mfano wa ngitili unatosha kumfundisha mwenye kufundishika. Kwa Wasukuma, na kwa majirani zao, ngitili ni sehemu ya malisho inayofungwa masika yanapoanza, nyasi na miti ikakua bila kuguswa, kisha ikafunguliwa kiangazi kikiwa kikali, ng'ombe wakapata kushika roho. Zilikuwako za ukoo na za kijiji, na mkutano wa jadi ulioitwa dagashida ulisikiliza mashauri na kumtoza faini mvunja amri. Katika enzi ya ukoloni misitu mingi ya Shinyanga ilifyekwa ili kuwafukuza mbung'o. Pamba ikapanuka. Kisha katika miaka ya 1970 watu walihamishiwa katika vijiji vipya, na ngitili nyingi zikabaki nyuma bila mwenyewe. Kufikia katikati ya miaka ya 1980 Shinyanga ilikuwa imeanza kuitwa jangwa.

Mwaka 1986 serikali ilianzisha mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, uliojulikana kwa jina la HASHI. Mwanzoni nguvu zake zilikwenda kwenye vitalu na upandaji wa miche, kama ilivyokuwa desturi ya miradi. Baadaye wataalamu wakafanya jambo adimu: wakawasikiliza wazee. Wakagundua kwamba mashina na mizizi ya miti ya asili ilikuwa bado hai ardhini, na kwamba kilichohitajika zaidi ni watu kuruhusiwa kufunga tena ngitili zao kwa kanuni zao. Mwaka 1986 ngitili zilizojulikana hazikuzidi takriban hekta 600. Mpango ulipokaribia mwisho wake mwaka 2004, zilikisiwa kupita hekta 300,000, katika vijiji zaidi ya 800. Mwaka 2002 mpango huo ulipata tuzo ya kimataifa iliyosimamiwa na Umoja wa Mataifa. Dunia nzima ilipiga makofi. Nasi twauliza: hizo hekta zilirudishwa na elimu ya nani? Serikali ilitoa ulinzi na wataalamu, wafadhili walitoa fedha, hatuwanyimi haki yao. Lakini wazo, jina, mipaka, kanuni na faini vilitoka kwa wenyeji.

Sasa tuuguse ushirikiano wenyewe, maana hapo ndipo wengi huchanganyikiwa. Wengine hufikiri kwamba ushirika ni jambo lililoletwa na karatasi ya usajili. Wengine, kwa upande wa pili, hudhani kwamba babu zetu walikuwa wakifanya kila kitu pamoja bila hesabu, kama ndege. Yote mawili si kweli. Katika nchi ya Unyamwezi na Usukuma kila kaya ilikuwa na mashamba yake na ghala lake. Kazi iliyoizidi kaya nguvu, kama kulima wakati mvua imebana, kupalilia, kupura mtama au kujenga nyumba, ndiyo iliyoitiwa watu. Mwenye kazi aliandaa chakula au pombe. Majirani walikuja na majembe yao, wakashika mstari, kila mmoja tuta lake. Leo kwangu, kesho kwako. Vijana walikuwa na chama chao na kiongozi wao, ambaye Wasukuma walimwita nsumba ntale. Yeye aliitisha kazi, akapanga zamu, akasimamia nidhamu. Aliyekwepa bila sababu alitozwa, na aliyezoea kukwepa alijikuta peke yake siku ya kuezeka au siku ya msiba.

Angalieni hekima iliyomo. Mali ni ya kaya, nguvu ni ya wote, na deni ni la heshima. Hesabu ipo, na ni kali, ila daftari lake ni kumbukumbu ya majirani. Kila mtu humwona mwenziwe akifanya kazi. Hakuna karani wa kumficha mvivu, wala mwenyekiti anayelima kwa mdomo. Kipimo hiki cha macho kwa macho ndicho walichokosa wengi waliobuni ushirika mezani. Katika miaka ya 1970 watu walipoambiwa walime shamba moja la kijiji, wengi walikwenda kwa miguu mizito, wakaziacha nguvu zao kwa shamba la nyumbani. Wakosoaji wakaandika kwamba Mwafrika hapendi ushirikiano. Hilo ni tusi. Mwafrika huyo huyo, jioni ya siku hiyo hiyo, alikuwa akimpurira jirani mtama. Alichokataa ni ushirikiano usio na uso.

Historia ya vyama vya ushirika inatoa ushahidi huo huo. Kabla vyama vya pamba havijapata nguvu katika nchi ya Ziwa, wakulima walikuwa wakipunjwa katika mizani za wachuuzi. Wakaafikiana, wakaweka wapimaji wao wenyewe, ili kila mtu ajue uzito wa jasho lake kabla hajafika kwa mnunuzi. Kutoka katika wivu huo wa haki kikakua chama hata kikafikia, mwaka 1955, kuwa Victoria Federation chini ya uongozi wa Paul Bomani, mojawapo ya vyama vikubwa vya ushirika barani Afrika. Huku Nzega na Tabora nao walikuja kuwa na Igembe Nsabo, jina linaloliunganisha jembe na utajiri. Msomaji apime: chama kilichojiita kwa jembe kilijua kinatoka wapi.

Lakini vyama vilipokua, vikaota makarani wengi kuliko wapimaji, na malalamiko ya wizi yakazidi. Mwaka 1976 vyama vikuu vilivunjwa, mamlaka za mazao zikapewa kazi yao. Mkulima akawa anauza kwa shirika asilolichagua, akilipwa siku asiyoijua. Mwaka 1982 ikatungwa sheria ya kuvirudisha, na Mwalimu Nyerere mwenyewe alisema hadharani kwamba kuvivunja kulikuwa kosa. Funzo ni moja. Ushirika hauvunjwi wala hausimamishwi kwa waraka. Ukikatwa kutoka kwenye mizizi yake ya ujirani huanguka wenyewe, hata kama ofisi yake imepakwa rangi mpya.

Leo tunavyo vyama vya msingi vya mazao, tunayo Sheria ya Ushirika ya mwaka 2013 na Tume ya kuvisimamia, tunao mfumo wa stakabadhi ghalani. Ni vyombo vyema. Hata hivyo mkulima wa mpunga bado hukutana na lumbesa, gunia lililoshonewa kilemba juu yake, na sheria ya vipimo inalikataza. Kwa nini lumbesa haifi? Kwa sababu mwenye njaa mwezi wa tatu huuza peke yake, usiku, kwa bei ya mnunuzi. Lumbesa haiuawi na tangazo. Huuawa na majirani kumi waliokubaliana kwamba hakuna atakayeuza gunia lenye kilemba, nao wakawa tayari kumkopesha debe la chakula yule aliyebanwa, asije akalazimika kuwasaliti. Huo ndio ujima wa zamani katika vazi jipya, na chama cha msingi kisichojengwa juu ya majirani kumi kama hao kina muhuri tu.

Linabaki jambo zito kuliko yote, nalo ni mbegu. Katika nyumba ya mkulima, mbegu ya mwakani huchaguliwa kabla ya chakula cha mwaka huu. Kazi hiyo kwa sehemu kubwa imekuwa ya wanawake. Mama hulitazama suke, hulipima kwa kidole, hukumbuka ni lipi lililovumilia ukame wa juzi na lipi lisiloliwa upesi na wadudu. Kisha hulitundika juu ya jiko moshi ulilinde. Mbegu hupita kutoka kwa mama hadi kwa binti, kutoka kwa jirani hadi kwa jirani, kwa kibaba au kwa kubadilishana. Hiyo ni maktaba isiyo na jengo.

Sheria ya Mbegu ya mwaka 2003 ilitungwa ili kumlinda mkulima dhidi ya mbegu bandia, nasi twaiheshimu shabaha hiyo, maana wapo wachuuzi waliowauzia watu nafaka ya kula iliyopakwa rangi. Mwaka 2012 ikaja sheria ya haki za wagunduzi wa aina mpya za mimea, na mwaka 2015 nchi yetu ikajiunga na UPOV, umoja wa kimataifa unaolinda haki hizo. Hivyo mtu anayezalisha aina mpya katika maabara anajulikana kisheria kuwa mgunduzi. Sawa. Je, bibi aliyechagua mtama kwa miaka arobaini, na ambaye mtama wake huenda ukawa ndio mzazi wa aina hiyo mpya, anajulikana kuwa nani? Mkataba wa kimataifa wa mwaka 2001 juu ya nasaba za mimea ya chakula, ambao Tanzania imeukubali, unazitambua haki za wakulima kwa mchango wao wa vizazi vingi, na unaziachia serikali kuzitekeleza. Basi tuzitekeleze. Kumlinda mgunduzi wa maabara kwa sheria kamili, na kumwachia mgunduzi wa jikoni heshima ya mdomoni, si haki, na haistahili taifa lililowahi kuiambia dunia kwamba binadamu wote ni sawa.

Tunajua tutakayojibiwa. Kwanza tutaambiwa kwamba mbegu za kienyeji huzaa kidogo na jembe la mkono haliwezi kulisha miji. Twakubali kwamba jembe la mkono linaumiza mgongo, wala hatutaki mtu yeyote abaki nalo kwa ajili ya kuwafurahisha watalii. Tunachosema ni kwamba mashine na mbegu mpya ziingie kwa njia ile ile mpunga ulivyoingia: zijaribiwe na wakulima wenyewe, katika ngazi zao za udongo, bila wao kulazimishwa kuitupa akiba ya zamani kabla ya kuiona faida ya mpya.

Pili tutaambiwa kwamba katika jadi kuna giza. Ni kweli, na mshairi anayelisifu jua bila kutaja vivuli ni mwongo. Katika nchi hizi hizi za Usukuma na Unyamwezi wanawake wazee wameuawa kwa kushukiwa uchawi, eti kwa sababu macho yao ni mekundu, na macho hayo yalikuwa mekundu kwa moshi wa jiko walilotumia miaka yote kuwapikia wauaji wao. Sungusungu, walioanza katika miaka ya mwanzo ya 1980 kupambana na wezi wa ng'ombe, waliirudisha amani mahali pengi, na mahali pengine wakavuka mpaka wakawahukumu wasio na hatia. Mila ya kumnyima mwanamke ardhi nayo ingali ipo, ingawa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imempa haki sawa. Haya hatuyafichi. Lakini mkulima huyapepeta mahindi yake, hayatupi yote kwa kuwa yana makapi. Na tuongeze hili: mwanamke mzee anayeuawa ndiye mara nyingi mwenye kuijua mbegu. Asiyeyalinda maisha yake asijidai kuyalinda maarifa ya jadi.

Tatu tutaambiwa kwamba vijana hawayataki tena mambo hayo. Wanataka pikipiki na mji. Kijana huacha kile alichofundishwa kukidharau. Tukimwonyesha tangu darasa la kwanza kwamba jembe ni adhabu ya mchelewaji, tusishangae akilikimbia akikua. Mwaka 2010 Frank Gunderson, msomi wa muziki kutoka Marekani, alichapisha kitabu kinene cha nyimbo za kazi za Wasukuma, zikiwa mia kadhaa, pamoja na maelezo yake. Twamshukuru. Lakini kitabu hicho ni cha Kiingereza. Kijana wa Bukene akitaka kusoma kwa Kiswahili maana ya wimbo aliouimba babu yake shambani, aende maktaba gani?

Basi haya ndiyo tunayoyadai. Kila afisa ugani anayepangiwa kata ya vijijini aanze kazi kwa kujifunza majina ya udongo, mvua na mbegu ya mahali pale, na ujuzi huo uwe sehemu ya kupimwa kwake. Halmashauri za vijiji zisaidiwe kuziandika ngitili katika sheria ndogo zao, na kuzilinda dhidi ya mwenye fedha anayetaka kuzinunua. Mbegu za wakulima zitambuliwe, ziwekewe akiba za kijiji, na zile zipelekwazo kwenye hifadhi ya taifa ya nasaba za mimea kule Arusha ziende pamoja na majina ya vijiji na hadithi za watu waliozitunza. Vyama vya msingi vijengwe kutoka vikundi vya majirani kwenda juu. Na wasomi wetu wa Kiswahili watoke, wazikusanye nyimbo na maarifa hayo kwa lugha ya taifa, wakati wazee wangali hai.

Wahenga walisema, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wataalamu, miradi na mashirika yamekuwa wageni wa mkulima kwa muda unaopita siku tatu. Wamekaribishwa, wamechezewa ngoma, wamepewa kiti kivulini. Siku yao ya kushika jembe na kufuata mstari wa wenyeji imefika. Mvua za Unyamwezi huanza Novemba, na mkulima haahirishi kupanda kwa kungoja hotuba imalizike.